Wakala wa Wachira

Siku ya Jumatano, saa tisa na dakika mbili alasiri, Sista Kezia, muuguzi wa zahanati, alimpigia simu Wachira kumuuliza ni kwa nini amemwandika mgonjwa wa kitanda cha saba kuwa amefariki.

"Kathini huyu ninayemwona hapa akinywa uji?" akasema Sista. "Wachira, unacheza na kazi."

Wachira alikuwa kibandani, nyuma ya maghorofa ya Donholm, anakula chapati na maharagwe. Kompyuta yake ilikuwa nyumbani mezani, imewashwa, na hakuwa ameigusa tangu asubuhi. Mtu mwenye akili angeiacha chapati akimbie. Yeye alimaliza mchuzi kwanza.

"Mfumo umeshikwa na mafua, Sista. Nitarekebisha."

"Mafua gani yanaandika jina lako? Hapa chini inasema: imebadilishwa na Wachira, saa tisa kamili."

Alirudi nyumbani bila haraka, akaingia kwenye mashine ya zahanati kutoka mbali kama kawaida yake, akafuta 'amefariki' akaandika 'hai'. Chumba kilinuka waya ulioungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu, kama udi. Akafungua madirisha, akawalaumu majirani. Saa tisa na nusu Sista akapiga tena, na sasa alikuwa ananong'ona. Kathini alikuwa amekufa na kikombe mkononi.

Sasa kabla hamjaanza kumhurumia Wachira, ngojeni niwaambie ni mtu wa namna gani, maana mimi huruma hiyo sina.

Kampuni yao ndogo ilitunza kompyuta za zahanati moja ya kujifungulia kina mama, kando ya Jogoo Road, upande wa Makongeni. Ili kuingia huko akiwa nyumbani, Wachira alitumia ufunguo wa siri. Si ufunguo wa chuma. Ni maandishi marefu ambayo hakuna mtu anayeweza kuyabahatisha, na kazi yake ni kutia sahihi. Kilichotiwa sahihi na ufunguo wa Wachira kimefanywa na Wachira, basi, hakuna mjadala. Ufunguo wenyewe huwa umefungwa, na hufunguliwa kwa maneno ya siri ambayo mwenyewe tu anayajua. Kuyaandika maneno hayo kila mara kunachosha, hilo nakubali. Ndiyo maana kuna programu inayoitwa wakala. Asubuhi unamwambia maneno mara moja, naye anaushika ufunguo ukiwa wazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, anakutilia sahihi siku nzima. Jioni unamnyang'anya. Wenye akili zaidi humpa saa moja tu.

Wachira alimpa wakala ufunguo mwezi wa Machi mwaka jana, na hakumnyang'anya tena. Kompyuta haikuzimwa hata siku moja. Na kama hiyo haitoshi, alimruhusu wakala aitwe hata kutoka ndani ya mashine ya zahanati, kwa hiyo chochote kilichokaa mle ndani kingeweza kusema 'tia sahihi', na wakala akatia. Wakala haulizi anayeomba ni nani. Ni mtiifu, lakini akili hana.

Idil, mama wa Eastleigh aliyemfundisha kazi, alimwonya mara ngapi sijui. "Wachira, unalala mlango wazi."

"Nani ako na time ya kuandika maneno hayo kila saa, Idil? Mimi si karani."

Akacheka, tena kwa sauti. Mwezi wa Juni akauondoa ufunguo wa Idil kwenye mashine ya zahanati, ili awe bwana wa mashine peke yake.

Na ndani ya mashine ile kulikuwa na nini? Kulikuwa na jini. Lilitoka wapi sijui, na wanaodai wanajua ni waongo. Ila hili nalijua: haliwezi kumchukua mtu aliyeandikwa hai na binadamu mpaka mkono wa binadamu umwandike amekufa, na likishapata sahihi hiyo, kufuta hakusaidii kitu. Mkono halikuwa nao. Likauokota wa Wachira, ulikuwa umetupwa tu hapo.

Alhamisi, saa tisa kamili, ilikuwa zamu ya kitanda cha nane, msichana aitwaye Maurine aliyekuwa na mimba ya kwanza. Saa tisa na nusu hakuwepo duniani. Mnajua Wachira alifanya nini? Alifuta maandishi yote yaliyoonyesha jina lake, kisha akamwandikia bosi barua kwamba Sista Kezia hajui kutumia kompyuta. Ptuu!

Kwenye kitanda cha tisa alikuwa amelala Mukami. Mukami ni mke wa Wachira, mwenye mimba ya miezi minane, aliyelazwa Jumapili kwa sababu ya presha na kukatazwa hata kusimama. Saba, nane, tisa. Mtoto wa chekechea angejua kinachofuata. Yeye ilimchukua mpaka Ijumaa asubuhi, na alipoelewa akakaa kitandani akatetemeka kama jogoo aliyenyeshewa, kisha akampigia Idil.

Saa nane mchana Idil alifika nyumbani kwake. Kabla hajakaa, simu ya Wachira ikalia. Ni Mukami, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Wachira, kuna mtu amesimama hapa miguuni pa kitanda. Sista anapita karibu yake na hamwoni. Ananuka waya ulioungua. Ananiuliza kama wewe uko."

"Mwambie niko kazini. Mwambie atoke!"

"Nimeshamwambia uko. Amefurahi. Wachira, naogopa. Kuja."

Simu ikakatika. Idil alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Astaghfirullah. Mnyang'anye wakala ufunguo. Sasa hivi. Ni amri moja tu."

Wachira akatazama miguu yake.

"Kuna nini?"

"Nimesahau maneno ya siri."

"Maneno gani?"

"Ya ufunguo. Zaidi ya mwaka sijayaandika. Uko kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, Idil, kwa kichwa changu hakuna kitu. Nikiutoa, siurudishi. Sitaingia zahanati tena, na watauliza kwa nini, na watajua kila kitu. Nitafutwa kazi."

"Mkeo yuko kitanda cha tisa!"

"Najua! Niache nifikirie!"

Idil akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Wachira akamshika kifundo, mwanamke aliyemtoa ujingani, akamsukuma. Nasema hivi ili msije mkasema alikuwa amepagawa. Hakuwa amepagawa. Alikuwa anachunga mshahara.

"Sawa," akasema Idil, akijifunga mtandio. "Mimi naenda zahanati kung'oa waya wa mashine kwa mkono wangu. Jam ya barabarani ikiniruhusu, nitafika."

"Ngoja, nimepata njia. Nitamwekea wakala bawabu. Ombi likija, bawabu ananiuliza mimi kwanza, kwa dirisha hapa kwenye skrini: ndiyo au hapana. Nitabonyeza hapana mpaka lichoke."

Idil akasimama mlangoni. "Nisikilize vizuri. Kwetu mgeni anapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, huenda zake. Hilo likibisha, wewe nyamaza. Usiseme ndiyo, na usiseme hapana. Hapana nayo ni jibu, inaliambia mwenye nyumba yupo na anazungumza. Umeelewa?"

"Hayo ya majini ni ya watu wa Pwani, Idil. Mimi ni mtu wa kompyuta."

Basi mtu wa kompyuta akabaki peke yake, akamweka bawabu wake, akasubiri. Jua lilikuwa kali nje, watoto walikuwa wanacheza kati ya kamba za nguo, na mtu alikuwa anauza sukuma wiki kwa kelele. Saa tisa kamili kelele hizo zote zikanyamaza kwa pamoja.

Dirisha dogo likatokea kwenye skrini.

*Ufunguo wa Wachira utumike?*
*NDIYO. HAPANA.*

Angenyamaza tu. Kukaa na mikono mapajani, hiyo ndiyo kazi yote aliyopewa, na hata hiyo ikamshinda. Akabonyeza hapana, akacheka, akasema, "Umekutana na mimi leo." Na hapohapo harufu ya udi ikaingia kutoka upande wa ukuta ambao hauna dirisha, na feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, kwanza kama inavyovuma ikipata joto, halafu kama mtu anayepumua puani, halafu kama mtu anayepumua puani akiwa ameinama kusoma kitu juu ya bega lako.

*Ufunguo wa Wachira utumike?*

Akabonyeza hapana bila kucheka, na jasho likamtiririka mgongoni, na akasikia kwenye meza, chini ya viganja vyake, kitu kinagonga kwa upole kutoka upande wa ndani wa mbao, hodi, hodi, hodi, sauti ya mgeni mwenye adabu aliyekwisha ambiwa kwamba wenyewe wapo, na dirisha la tatu lilipotokea kidole chake kilikuwa tayari kinashuka, kwa maana Wachira ni mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusoma anachobonyeza, na alibonyeza hapana, kwa nguvu, mara mbili, na ndipo macho yake yalipoyafikia maneno yakiwa yanafifia.

*Mukami abaki?*

Akapiga kelele. Akabonyeza kila kitu, akapiga skrini kwa ngumi. Bawabu, ambaye huandika kila swali na kila jibu, alikuwa ameshaandika. Mukami abaki? Hapana. Sahihi: Wachira.

Sasa ndipo alipokumbuka amri ya kuutoa ufunguo. Alikuwa amekwisha iandika yote, kidole kikiwa juu ya kitufe cha mwisho, simu ilipolia.

"Wachira," akasema Sista Kezia, naye alikuwa analia. "Tumemtoa mtoto. Ni msichana, mzima, unamsikia? Lakini Mukami... pole, Wachira. Pole sana. Ameenda akiuliza kwa nini umekataa."

Nyuma ya sauti ya Sista, mtoto alikuwa anapiga kelele kwa mapafu yake yote. Na kwenye skrini dirisha jipya lilikuwa limefunguka.

*Na mtoto?*
*NDIYO. HAPANA.*

Alilisoma hilo. Alilisoma mara mia. Ndiyo, abaki? Ndiyo, achukuliwe? Halikusema. Akakiondoa kidole kwenye kitufe polepole sana, asije akagusa chochote, kwa kuwa hata kuutoa ufunguo hakujua kama nako kungehesabiwa kuwa jibu.

Idil alifika zahanati saa tisa na dakika ishirini, akang'oa waya kutoka ukutani. Mashine ikazimika. Dirisha kwenye skrini ya Wachira, kule Donholm, halikufungika.

Jumatatu wakamfuta kazi.

Mtoto anaitwa Nduta, jina la mama yake Wachira, na sasa ana miezi mitano na mashavu mawili. Wachira huibeba kompyuta ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kila aendako, na stima ikipotea anakimbia barabarani akitafuta duka lenye jenereta. Wenye maduka wanamcheka. Kina mama wa ploti hawajui habari hizi, na ni watu wenye adabu. Wakikutana naye ngazini wanamsalimu kama anavyosalimiwa mfiwa mwenye mtoto mchanga: "Habari za leo, Baba Nduta. Na mtoto?"

Naye hupita kimya, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe, na wao husema nyuma yake kwamba mtu yule ana maringo.