Kitoto cha Shaba

Soko la Matrah, huko Omani, lilikuwa limefurika asubuhi ile ya mwaka 1967. Nasriya alijipenyeza baina ya magunia ya ndimu kavu, ncha ya buibui ameiuma kwa meno, dele la kahawa la marehemu mama yake kwapani. Mchukuzi akampiga kikumbo. Dele likaanguka, likabiringika hadi miguuni mwa kijana mfua shaba.

"Mdomo wa dele umepinda," alisema kijana yule kwa Kiswahili cha Unguja. "Lakini si la kulilia."

"Nani kakwambia nnalia?"

"Macho yako."

Jina lake Thabit. Alikuwa akisoma historia Cairo mapinduzi ya Unguja yalipomkatisha masomo; sasa akiyeyusha shaba. Dele lilipona siku moja, lakini Nasriya alilirudisha mara tano.

"Dele lako lina maradhi mengi, Bibi."

"Fundi ndiye hajui kutibu!"

Siku moja Thabit alimwonyesha kitu alichokiokoa katika shaba chakavu kutoka Dhofar: kitoto cha shaba, urefu wa kidole, kimeviringishwa nguo za uchanga toka mabegani hadi nyayoni, uso umelika.

"Cha Warumi wa kale hiki, waliokuja Dhofar kununua ubani. Kwao mwanamke asiyezaa huenda hekaluni akaweka nadhiri. Akijaaliwa, hupeleka kitoto kama hiki. Mgonjwa wa mguu hupeleka mguu, wa macho hupeleka macho. Shaba haiozi, shukurani ibaki hata mwenyewe akishakufa. Wengine walipeleka kabla, kuombea."

"Astaghfirullah! Wakikiabudu?"

"La. Kitoto si mungu wao. Ni ombi lenyewe, limepewa mwili. Chukua, nnakupa wewe."

Nasriya akabadilika uso. "Nani kakwambia habari zangu?"

"Habari gani?"

Alikitupa juu ya fuawe ya kufulia shaba, akaondoka mbio.

Wiki mbili hakuonekana. Alipopita tena sokoni, Thabit alimfuata. "Nimekosa nini, roho yangu?"

"Niliolewa Unguja miaka minne. Sikuzaa, nikaachwa. Nawe ukanipa mtoto wa shaba mbele za watu."

"Wallahi sikujua! Nilikupa kwa sababu sina kitu kizuri kuliko kile."

Nasriya alifuta machozi kwa ncha ya buibui. "Sasa umeshajua. Mama yako hana mtoto ila wewe. Atanikubali?"

Thabit alirudi dukani mbio, akaanza kukusanya zana zake. Kesho yake duka lilikuwa limefungwa. Alikuwa amekwenda mji wa Sur kwa mama yake, bila ya kumuaga mtu.

Nasriya alingoja siku ishirini. Ndipo posa ikaletwa kutoka mji wa Nizwa, ya mwanamume aliyefiwa na mke, ana watoto wanne. Baba yake Nasriya, Mzee Ishaq, alimuuliza kwa upole.

"Nimeridhia, Baba. Huko watoto wapo tayari."

Siku ya ishirini na nne Thabit alifika mlangoni amejaa vumbi, anamkokota punda, na juu ya punda mama yake, Bi Hamdiya, aliyeshikwa na homa njiani.

Mzee Ishaq aliwasikiliza, akainamisha kichwa. "Mwanangu, neno limeshatoka kwa watu wa Nizwa. Ungelisema kabla ya kuondoka."

Nasriya alitoka, akaubusu mkono wa Bi Hamdiya.

"Mimi mwenyewe nilisema nnakuja kukuposa," alisema bibi yule. "Kabla ya kumzaa huyu, niliitwa tasa miaka kumi na miwili."

Nasriya alimgeukia Thabit. "Kwa nini hukuniambia unakwenda?"

"Nilitaka nikurudie na jibu."

"Ningelikungoja bila ya jibu, Thabit. Ningelikungoja mwaka."

Nasriya alimtengenezea Bi Hamdiya ushungi wake, akamshika mkono mpaka alipokaa vizuri juu ya punda.

Ijumaa iliyofuata Nasriya alipelekwa Nizwa kwa mumewe. Watoto wanne walisimama mlangoni wakimtazama. Mdogo wao, asiyejua neno la Kiswahili, alimshika buibui akamwita mama kwa Kiarabu. Nasriya alimbeba, akaangua kilio, na wale watoto wakadhani ni furaha.