Pedi za Breki Ndani ya Shati

Jioni ile walikuwa wanne garini: rafiki yangu, mumewe fundi, shemeji yake, na kichanga wao aliyelala. Walikuwa wakivuta trela lenye mashua ya marehemu baba mkwe, na gurudumu moja likaanza kufuka moshi.

"Breki zimeng'ang'ania," alisema fundi. Akazing'oa pedi zote za breki za trela. "Tutashuka mlima kwa breki za gari."

"Kaka, mzigo huu mzito, na giza hilo."

"Mwoga wewe!"

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," shemeji alijibu. Pedi zilipopoa alivua shati lake akazifunga, rafiki yangu asichafuke, akampa azipakate.

Katikati ya mteremko breki za gari zikagoma. Trela likawasukuma gizani.

"Mshike mtoto!" fundi alimpigia mkewe kelele.

Ndipo nyuma yao kukasikika mlio mrefu wa chuma kikisagana na chuma. Trela likawavuta nyuma, taratibu, mpaka wakasimama. Kichanga hakuamka.

Rafiki yangu akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Pedi zilikuwa zikimchoma mapajani.

Shati lile analo hadi leo. Lina matundu meusi.