Mstari wa Nne

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kunyunyizia uyoga. Jua likishapoa, mifuko inakunywa vizuri. Kwa hiyo jioni ile, kama jioni zote, nilichukua bomba langu la kupulizia nikaenda kutafuta ndoo.

Nina banda la uyoga nyuma ya nyumba, hapa Isevya. Mifuko themanini ya pumba na mabua, imepangwa mistari minne. Kwenye semina tulifundishwa kwamba kuna homoni za ukuaji za asili, zimo kwenye mimea yetu hii hii, na zinaweza kuongeza mavuno bila kununua dawa dukani. Nikaamua kujaribu. Mstari wa kwanza maji matupu. Wa pili maji ya nazi. Wa tatu maji ya choroko zilizochipua. Wa nne majani ya mlonge yaliyotwangwa na kuchujwa. Kila mavuno nayapima kwenye mizani, naandika daftarini. Majirani wakanipachika jina la Profesa. Waache wacheke. Tangu nimzike mume wangu, Revocatus, kuna kitu ndani yangu kilizima, na daftari lile ndilo lililokuwa likinitoa kitandani asubuhi.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na kichanga. Mdogo wangu Yustina alikuwa amejifungua, akaja kwangu kupumzika, na mama yetu akatoka Sikonge kuja kumwogesha mjukuu wake, Eliya. Mama alimwogesha kwa maji ya majani. Mlonge, na mengine ambayo hakuyataja. Akimaliza, maji aliyamwaga mwenyewe kwenye shimo nyuma ya nyumba, akalifunika kwa jiwe. Maji ya mtoto hayaachwi wazi. Mwenye nia mbaya akiyapata, kampata mtoto.

Jioni ile aliyaacha kwa muda mfupi tu kwenye kizingiti, kwenye ndoo ya njano, kwa sababu Yustina alimwita. Ndoo yangu nayo ni ya njano. Maji yote mawili ni ya kijani.

Nikajaza bomba. Pss... pss... pss... Mstari wa nne wote, mfuko baada ya mfuko.

Nilipotoka bandani mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Maji ya mtoto yako wapi, Apolinaria?"

Nikatupa jicho jikoni. Ndoo yangu ya mlonge ilikuwa pale pale, imefunikwa, haijaguswa.

"Nimeshayamwaga, mama."

"Shimoni?"

"Shimoni."

Nilidanganya. Sikutaka kugombezwa, basi.

Siku ya tano mstari wa nne ulichipua. Mweupe, mnene, umebanana. Nilipoinama kuuchuma nilisikia harufu ambayo si ya uyoga. Ilikuwa harufu ya utosi wa kichanga. Nikapima. Ulizidi mistari mingine kwa gramu mia tatu. Nikaandika.

Jua lilikuwa linazama nilipobishiwa hodi uani.

Mwanamke. Sikumwona akiingia getini. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini, kama mtu aliyetembea siku nyingi. Mgongoni alikuwa amefunga kitambaa cha kubebea mtoto, kimekazwa vizuri kifuani.

Kitambaa kilikuwa kitupu.

"Dada," alinong'ona. "Nipimie uyoga. Wa mstari wa nne."

Habari za mstari wa nne kuzidi sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Ningepaswa kuogopa. Nilimpimia wote tu, akaupokea kwa mikono miwili, akaupakata. Akaondoka kuelekea barabara ya zamani, ile iliyokuwa njia ya misafara ya wapagazi kwenda Ujiji. Nikasikia njuga. Mbali... kama zimefungwa kwenye miguu ya watu wengi.

Aliponipa kisogo tu, mama akaja kuazima mizani. Alimwona Eliya mwepesi mikononi. Tukamlaza kwenye beseni lile lile la uyoga. Alizaliwa na gramu elfu tatu na mia moja. Sasa elfu mbili na mia nane.

"Vichanga hupungua wiki ya kwanza," mama alisema.

Ni kweli, hupungua. Lakini mimi nilikuwa na daftari. Mia tatu huku, mia tatu kule.

Sasa niseme jambo ambalo Yustina halijui mpaka leo. Kwenye semina walisisitiza kwamba jaribio lazima lirudiwe, vinginevyo ni bahati tu. Nami nilitaka kujua. Kesho yake nikamwambia mama, "Pumzika, maji nitamwaga mimi." Nilifanya hivyo siku tatu. Nusu shimoni. Nusu kwenye bomba.

Pss... pss...

Sikuhisi kitu. Ndicho kinachonitisha zaidi nikikumbuka, kuliko yule mwanamke.

Mavuno ya pili yalizidi kwa gramu mia tano. Nilikuwa bado nayapima, jua linazama, harufu ile ikanijia kutoka nyuma yangu.

"Hodi, dada."

Safari hii kitambaa mgongoni kilikuwa kimejaa. Kitu kilijigeuza ndani yake, polepole, kikatulia.

"Ni mtoto wako?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Nilimzaa njiani. Msafara haukusimama." Alikipigapiga kitambaa, kama mama yeyote. "Sasa anaongezeka. Nipimie tena."

Ndani ya nyumba Yustina alianza kulia. Si kwa sauti. Alikuwa akilia huku anamsihi Eliya anyonye, na Eliya hanyonyi.

"Njoo kesho," nikamwambia mwanamke.

Alikaza kitambaa chake, akaenda. Nikaingia ndani tukampima mtoto. Elfu mbili na mia tatu. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Mizani ilipotulia kwenye namba ile, nikakaa chini sakafuni. Nilimvuta mama jikoni nikamweleza kila kitu.

Hakunipiga. Hakunigombeza. Alivua rozari shingoni, akaishika mkononi.

"Pika," alisema. "Wote. Ale Yustina peke yake. Cha mtoto kitarudi kwa ziwa la mama yake."

Nikapika gramu zote za mstari wa nne, nikakaa nikimtazama mdogo wangu akila mpaka akakomba sahani, akasema dada, leo umepika. Mifuko ya mstari ule mama aliichoma moto usiku huo huo. Kesho yake mwanamke hakuja.

Usiku ule wa kuchoma mifuko, Eliya alinyonya mpaka akapaliwa. Baada ya wiki tukamweka tena kwenye beseni.

Elfu tatu na mia moja.

Mama alipiga ishara ya msalaba. Yustina alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Mavuno ya pili yalizidi kwa mia tano tu. Mtoto ameongezeka mia nane. Zile mia tatu nyingine ziliondoka na mteja, zikaliwa zamani.

"Mama," nikamnong'oneza. "Zimetoka wapi?"

"Cha mtoto kikianza kurudi, hurudi chote," alinijibu, na hakunitazama.

Jioni hiyo nilikuwa nafunga mlango wa uani. Hodi haikupigwa. Nilisikia pumzi tu upande wa pili wa mbao, karibu kabisa, na vumbi jekundu likaingia chini ya mlango.

"Dada... amekuwa mwepesi."

Nikashika komeo.

"Nipimie kidogo tu. Alikuwa ameanza kunitambua. Juzi alinichekea."

"Uyoga umeisha," nikasema, kama ninavyowaambia wateja wote.

 Kisha nikasikia akifungua kitambaa, akitafuta ndani yake kwa mikono, akitafuta, akitafuta.

"Dada," Yustina aliniita kutoka chumbani, kwa furaha. "Njoo uone. Eliya amecheka."