Keekee Nyekundu ya Kijiji

Jumamosi hiyo Kija alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akakaa jikoni na mama yake kula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Kija alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji cha ujamaa cha Mwabulima, upande wa Kisesa. Kabla hajamaliza kula, mjomba wake Chenge alipiga hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vaa viatu. Ninakwenda Mwanza kununua keekee, utanisaidia mizigo."

Chenge alikuwa kaka mkubwa wa mama yake Kija, na ndiye aliyechaguliwa kuwa mnunuzi wa kijiji. Kila mtu alijua habari za keekee hiyo ya kutobolea chuma. Chasisi ya tela ya trekta ilikuwa imevunjika, na pamba ya kijiji kizima ilikuwa imelundikana ghalani, panya wakifanya viota ndani yake. Kuiunga chasisi kulihitaji kutoboa matundu mapana kwenye chuma kinene, kazi iliyoishinda keekee ya mkono. Ndipo mkutano wa kijiji ukakubali inunuliwe keekee ya sumaku, mashine inayong'ang'ania chuma kwa nguvu ya umeme wakati inapotoboa. Fedha zake zilitoka katika shamba la pamoja ambalo hata watoto wa shule walililima.

Walipita kwanza karakana ya kijiji. Fundi Teodora alikuwa ameifungua injini ya trekta, mikono imejaa grisi, hivyo hakuweza kusafiri. Alimpa Kija kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye gunia.

"Ndugu Chenge," alisema, "chuma hiki kimetoka kwenye tela yetu. Usinunue mashine ambayo haijakitoboa hadi upande wa pili mbele ya macho yako. Na iwe na mnyororo wa kuifungia, maana jenereta yetu ikizimika, sumaku nayo inaachia."

"Nimesikia," Chenge alijibu. "Si mara yangu ya kwanza kuingia dukani."

Huko Mwanza waliingia katika duka la vipuri nyuma ya soko. Palikuwa na keekee mbili za sumaku. Moja ilikuwa ya kijivu, rangi imechubuka, nayo iliwahi kutumika mahali pa kuundia mashua. Ilikuwa na mnyororo wake, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya ile nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa kubwa, nyekundu, inang'aa kama kiatu cha Jumapili.

"Hii ya kijivu ni chakavu," alisema mwenye duka. "Kijiji kinachojiheshimu kinachukua nyekundu." Kisha alimshika Chenge mkono, wakaingia chumba cha nyuma.

Walipotoka, Chenge alikuwa na redio mpya kwapani na kitenge kilichokunjwa. Kwa Kija alileta mkebe wa hisabati, wenye bikari na rula, kama ule alioutamani tangu darasa la nne. Kija alifurahi sana. Lakini alipoona keekee nyekundu inafungwa kamba tayari kwa safari, alinong'ona, "Mjomba, mbona hatujakijaribu kile chuma?"

"Nyamaza. Haya ni mambo ya wakubwa."

Kija alinyamaza. Chuma kilirudi Mwabulima ndani ya gunia lake, hakijaguswa.

Jumatatu jenereta iliwashwa na watu wakakusanyika karakana. Teodora aliuliza mnyororo uko wapi.

"Mashine imara kama hii haihitaji mnyororo," alisema Chenge. "Niliijaribu mwenyewe kwa kile chuma chako. Pamba inaharibika, fundi. Fanya kazi."

Teodora aliifunga kwa kamba, akaiweka juu ya chasisi, akaanza kutoboa. Mwanzoni ilishika vizuri. Ilipopata joto, sumaku ikalegea. Mashine iling'oka, ikazunguka na kuikata kamba, ikampiga Teodora mkononi. Alipelekwa zahanati akiwa ameuma meno kwa maumivu. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika.

Kija aliposikia habari hizo shuleni alikosa raha. Alijiambia kuwa wakubwa wataulizana wenyewe na ukweli utajulikana.

Jumatano mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule. Mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa kijiji, alimwita Chenge aeleze. Chenge alisimama bila wasiwasi.

"Ndugu Mwenyekiti, mashine ni nzima. Ilitoboa chuma cha tela dukani, mimi nikishuhudia. Kosa ni letu. Tumempa mwanamke kazi isiyo yake. Amekosea, mashine ikamshinda, na sasa kijiji kimepata hasara kwa sababu yake."

Baadhi ya wanaume waliitikia kwa kichwa. Mmoja alisema afadhali Teodora arudi kulima. Teodora alikuwa amekaa mbele, mkono umefungwa shingoni. Alitaka kujibu, lakini sauti za watu zilimfunika.

Kija alikasirika. Mtu aliyeumia kwa kulitumikia kijiji alikuwa anatukanwa, na aliyemuumiza alikuwa anaungwa mkono. Alimgeukia mama yake, Tereza.

"Mama, mjomba anadanganya. Hakuijaribu. Chuma nilikibeba mimi, wala hakikutoka kwenye gunia. Mwenye duka alimpa redio, na hiki kitenge chako, na mkebe wangu."

Kwa Tereza, Chenge alikuwa kaka wa tumbo moja. Hata hivyo alikifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakikunja, akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mwanangu ana neno."

"Huyo ni mtoto," alisema Chenge.

"Ni mtoto aliyekuwa dukani," alijibu Mzee Ndalahwa. "Sema, Kija."

Hasira ilimsukuma Kija mbele. Alitoa mkebe katika mfuko wake wa shule, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti. Alieleza yote, tangu chumba cha nyuma hadi gunia ambalo halikufunguliwa. "Fundi Teodora alituambia tuijaribu," alimalizia. "Sisi hatukuijaribu. Kwa nini asemwe yeye?"

Tereza aliweka kitenge juu ya mkebe. Mtu mmoja alikwenda nyumbani kwao Kija kukileta kile kipande cha chuma. Hakikuwa na tundu hata moja. Chenge alikitazama, akaketi.

Siku iliyofuata mwenyekiti, Teodora na Chenge walipanda lori kwenda mjini na ile mashine nyekundu, pamoja na redio, kitenge na mkebe. Mwenye duka aliapa kuwa mashine yake haina kasoro. Teodora aliwaomba vijana wa dukani waishikize kwa sumaku yake chini ya boriti ya chuma, waiache ikinguruma.

"Sasa simama chini yake," alimwambia mwenye duka. "Kama ni nzima, hutaogopa."

Wateja waliacha walichokuwa wakinunua, wakatazama. Mwenye duka aliiangalia mashine, akaangalia watu, hakusogea. Baada ya muda mfupi iliachia boriti na kuanguka sakafuni kwa kishindo. Ilipofunguliwa, chini ya rangi mpya palionekana waya zilizoungua na kufungwa upya ovyo.

Keekee ya kijivu ndiyo iliyoletwa Mwabulima badala yake, pamoja na fedha zilizorudishwa. Ilikuwa imekwisha kutoboa kile chuma hadi upande wa pili hapo dukani. Kwa kuwa mkono wa Teodora ulikuwa haujapona, yeye alielekeza na msaidizi wake Cleophace akatoboa, mnyororo umekazwa. Wiki hiyo hiyo tela ilianza kubeba pamba. Wale waliosema Teodora arudi kulima walikwenda karakana kumwomba radhi. Chenge aliondolewa kazi ya ununuzi, akapangiwa zamu katika shamba la pamoja kama watu wengine.

Tangu siku ya mkutano Chenge alikuwa akipita mbele ya nyumba yao bila kusalimu. Jambo hilo lilimchoma Kija.

"Mama, nimekosa?" aliuliza siku moja wakipura mtama.

"Hukukosa kusema. Ulichelewa kusema, na mimi nilichelewa kuuliza kitenge kimetoka wapi," alisema Tereza. "Mali ya wote ina wenyewe, Kija, na wenyewe ni sisi. Na zawadi inayokufunga mdomo si zawadi, ni kamba. Lakini kumwambia mtu ukweli si kumvunjia heshima. Yule bado ni mjomba wako. Mwamkie. Akinyamaza, aibu ni yake."

Jioni Chenge alipita na jembe begani. Kija alitoka hadi njiani.

"Shikamoo, mjomba."

Chenge alisimama. Aliliteremsha jembe.

"Marahaba, Kija," alisema. "Mwambie mama yako nitakuja kuzungumza naye."