Shuka Jeupe la Nyanchoka

Sema sasa hivi kwamba huamini. Sema, halafu nikupeleke soko la Daraja Mbili, nikufungulie mlango wa ule ukumbi wa sinema, ukae humo dakika kumi peke yako, saa nane mchana, jua likiwaka. Ukitoka ukiwa bado unabisha, nitakubeba mgongoni hadi Nyamache na sitapumzika njiani. Wengi nimewapa nafasi hiyo. Hakuna aliyeichukua.

Mimi ni Haron. Wanaojua mambo wananiita DJ Haron, na kama hukuwahi kunisikia basi ulilelewa ndani ya kabati. Niliacha shule kidato cha pili, na walimu hawajapona mpaka leo. Miaka mitano nilitafsiri sinema katika ukumbi huo, maiki mkononi, mabingwa wa karate wakigombana kwa Ekegusii safi, lugha yetu ya Kisii. Watu hawakuja kuona sinema, walikuja kunisikia. Halafu kila mtu akapata simu yake, ukumbi ukafungwa, na Kemuma akaukodi.

Kemuma ni msanii. Si wale wa kuchora simba kwa ajili ya wageni. Anachukua picha za sinema za zamani, anazikuza, anazichapa kwenye mashuka ya mitumba anayookota hapo sokoni, kisha anaharibu kitu kimoja makusudi ili ukose raha. Nilimwambia hiyo si kazi, ni ugonjwa.

"Haron," akanijibu, "wewe umewachekesha watu miaka mitano. Uliwahi kujiuliza walikuwa wanamcheka nani?"

"Aliyechekwa hakuwahi kuleta malalamiko," nikamwambia.

Sinema aliyoichagua, wazee wote wa Nyamache wanaijua. Enzi zao gari lilipita likionyesha sinema kwenye viwanja vya shule, na moja iliigizwa na wanakijiji wenyewe. Mwishoni kijiji kinamfukuza mchawi kwa fimbo hadi ng'ambo ya mto, na kila mtu anacheka. Itaje tu uone wazee wanavyolainika: siku hizo kulikuwa na heshima, siku hizo mtoto alikuwa mtoto. Hawakuambii kwamba mchawi aliigizwa na mama mmoja, Nyanchoka, aliyekubali kwa sababu aliombwa vizuri. Gari likaenda zake, kijiji kikabaki na picha kichwani. Kwanza wakaacha kununua ndizi zake. Kisha mtoto wa jirani akaugua, wakamfukuza kweli, kwa fimbo, kupitia mto uleule. Alifia Nyamarambe, kwa watu.

Kemuma alikuwa amepata ukanda wa sinema hiyo. Picha zilikuwepo, sauti ilikuwa imeoza. Akawachapa wale wanaocheka kwenye mashuka tisa. La kumi akaliacha jeupe, mahali pa Nyanchoka. Mimi nikapewa kazi ya sauti: maneno machache ambayo Nyanchoka aliyarudia katika kila mlango hadi siku ya kufa, kama alivyosimulia binti yake, Mama Phanice: "Niliigiza tu. Muulizeni mwenye kamera."

Maonyesho yalikuwa Jumapili. Wazee wawili walioshika fimbo siku ile bado wako hai, na Kemuma aliwabembeleza miezi minne hadi wakakubali kuja. Mama Phanice naye angekuja, asikie jina la mama yake likisafishwa mbele yao. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Wazee hao hawana Jumapili nyingi.

Jumanne asubuhi Kemuma akaniita kwenye shuka la tatu. "Huyu mwenye kofia. Jana si alikuwa anacheka?"

Nikaangalia. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Wino umetiririka," nikasema.

"Wino hautiririki ukaficha meno, Haron."

Akafua, akachapa upya, akaanika. Jumatano yule mwenye kofia alikuwa amefunga mdomo tena, na jirani yake pia. Kemuma akatupa brashi ukutani. Akachapa tena. Alichapa hadi vidole vikawa vyeusi, akiwatukana watu wa kwenye shuka mmoja mmoja kama anayewajua, na kila wino ulipokauka, walikuwa wamenyamaza.

"Nawahitaji wacheke," akasema, machozi karibu. "Wasipocheka, wazee watajiona wapi?"

Alhamisi mashuka yote tisa yalikuwa kimya, na ukumbi ulinuka moshi wa nyasi mbichi, ingawa hakuna aliyekuwa akichoma kitu sokoni. Saa tisa mvua ikaja, kama kila siku, ikapiga mabati kwa nguvu, na chini ya kelele hiyo nikasikia nyingine, ndogo, ya miguu ikitembea ndani ya maji, ikija polepole kutoka upande wa shuka jeupe ambako kulikuwa na sakafu kavu na ukuta tu, chapu, chapu, inasimama, inaanza tena, kama ya mtu mzee anayepapasa mawe ya mtoni kwa vidole asianguke huku watu wakimsubiri nyuma, na nilipojilazimisha kugeuka, shuka lilikuwa limelowa kutoka chini hadi usawa wa magoti, likijaa na kulegea, likijaa na kulegea, kama linapumua.

"Kemu," nikanong'ona, "tutoke."

"Siwezi kuacha kazi."

"Kemu, hiyo si kazi tena."

Watu wa Pwani wangesema jini. Kwetu ni ekerecha, roho ya mtu aliyekufa na neno lake kifuani.

Ijumaa nilimkuta Kemuma amekaa sakafuni, uso ukielekea shuka, akicheka. Kicheko cha kizee, cha kukwaruza, kilichopanda mara tatu na kukatika. Macho yake hayakuwamo ndani ya kicheko hicho. Yalikuwa yananiomba msaada.

Mama yake akamleta Mzee Machogu wa kanisani. Aliomba, akakemea, akaimba. Kila alipovuta pumzi, kicheko kikaingia katikati ya maneno yake. Mwishowe akafunga Biblia. "Huyu hatafuti kutoka," akasema kwa sauti ya chini. "Anatafuta mtu."

Saa kumi Mama Phanice akafika kutoka Nyamarambe, viatu vimejaa matope. Alimsikiliza Kemuma kidogo tu. Kisha akaketi mbele ya shuka, akalishika upindo uliolowa. "Mama," akasema, "kaa. Hakuna anayekufukuza hapa." Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye maiki. Sema maneno yake. Bila mchezo."

Nikasema. Niliigiza tu. Muulizeni mwenye kamera. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tatu ikatoka, Kemuma akafunga mdomo, akalala ubavu, na shuka likaanza kukauka mbele ya macho yetu. Kwa hiyo ukiambiwa kuna mganga Kisii hii, uliza kama amewahi kumtoa ekerecha kwa maneno matano.

Jumapili wazee walikuja. Walisimama mbele ya mashuka tisa ya watu waliofunga midomo, kisha mbele ya lile jeupe, sauti yangu ikirudia. Mmoja akavua kofia. "Tulijua alikuwa anaigiza," akasema. "Tulijua siku ileile." Mama Phanice akalia bila sauti.

Hapo ndipo ninapomalizia siku zote, na watu hunipigia makofi.

Sawa. Kuna mahali nimeruka.

Jumatatu ile, kabla ya yote, niliyarekodi maneno hayo nikiwa peke yangu. Yakanikinaisha. Nikayarudia kwa sauti ya mchawi wangu wa ukumbini, na kicheko juu, kile cha kupanda mara tatu. Nikakibandika kwenye picha za sinema, nikakirusha kwa vijana. Kufikia Jumanne kilikuwa Nyamarambe. Watoto walikuwa wanakipiga kwa simu mbele ya kibanda cha Mama Phanice, na wateja wakaanza kumpita.

Ijumaa, kabla hajaketi mbele ya shuka, aliuliza ni nani aliyetengeneza kicheko hicho. Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Akamtazama Kemuma, kwa sababu kicheko kilikuwa kinywani mwake na sinema ilikuwa yake. Nikamwacha aamini ni Kemuma.

Jumapili aliondoka bila kumpa Kemuma mkono. Hapokei simu yake hadi leo. Kemuma ameacha kuchapa. Anakaa ukumbini akiyaangalia yale mashuka. Jana ameniuliza tena alimkosea nini yule mama.

Nikamwambia wazee wana mambo yao.