Siku Akina Baba Waliposuka Nywele

Asubuhi ile Bibi alikuwa ameinamia cherehani yake barazani, anapindia mashuka ya mteja. Nyuma yake, mwanawe alikuwa anahangaika na kichwa cha Kipusa.

Kipusa ni mjukuu wa Bibi, ana miaka sita. Miguu yake haina nguvu tangu azaliwe. Mama yake anafanya kazi katika kiwanda cha mikate, na huondoka alfajiri. Basi kusuka kukamwangukia baba, fundi mwashi mwenye vidole kama mihogo.

"Baba, unaning'oa ubongo!" Kipusa alilalamika.

"Tulia. Mbona ukuta hausogei nikiujenga?"

Jirani yao alikuwa anapita. Watu humwita Mama Redio, kwa sababu hazimiki. Alisimama, akashika kiuno, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Baba Kipusa, hizo nywele au kiota cha kunguru?"

Bibi hakucheka. Mawazo yake yalikuwa kwenye chumba cha mazoezi.

Bibi ni mwenyekiti wa kikundi kidogo cha wazazi. Kikundi kina chumba kimoja, na humo watoto wenye udhaifu wa viungo hufanya mazoezi. Katikati palikuwa na vyuma viwili virefu, vimelala sambamba. Mtoto hushika huku na huku, akajifunza kupiga hatua. Kipusa alikuwa ameshaanza kusimama. Ndipo chuma kimoja kikang'oka, kimeliwa na kutu.

Mtaalamu wa mazoezi alisema wazi: "Simsimamishi mtoto hapa mpaka mweke vyuma vipya. Lakini msikawie. Miguu ikikaa bure, itapoteza nguvu iliyopata."

"Nataka kuchapisha kadi za mchango," Bibi alimwambia Mama Redio. "Tumwalike mgeni rasmi, kama mwaka jana."

"Mama, mwaka jana tulipata nini?" Mama Redio aliuliza.

Mwaka jana walikodi viti, turubai na kipaza sauti. Mgeni rasmi alichelewa. Kila aliyetoa alitangazwa jina na kiasi. Wenye kidogo waliona haya, wakachomoka mmoja mmoja. Kilichopatikana kililipia viti na turubai, basi.

"Siku hizi watu wakiona kadi wanajifungia chooni," alisema Mama Redio. "Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Nisamehe, mama."

Hapo Bibi akacheka, akitaka asitake.

Mama Redio aliwahi kufanya kazi miaka mingi katika kituo cha kulea yatima. Akavuta kigoda.

"Tulijifunza kwa kuumia. Mtu hapendi kukamuliwa. Anapenda kufurahi, na anapenda kujua hela yake inakwenda wapi. Sasa tazama hicho kichwa. Mimi ningelipa kuona akina baba kumi wakisuka hivyo!"

"Watu watawacheka watoto wetu," Bibi alisema polepole.

"Watawacheka akina baba. Watoto wetu ndio watakuwa waamuzi, wamekaa mbele. Na tusikodi kitu. Kila mtu aje na kiti chake."

"Na kutoa?"

"Kila baba awe na kopo lake. Anayekufurahisha, mtilie sarafu. Hatangazwi mtu. Makopo yafungwe, yafunguliwe mbele ya wote, na wahesabu watu wawili, si mmoja. Lakini kwanza twende ofisi ya mtaa tuombe ruhusa."

Bibi aliliombea jambo hilo kwa Mungu, na ruhusa ilipopatikana akaanza kazi. Alishona aproni ya zawadi kwa mabaki ya vitambaa. Kipusa akachora vyuma viwili kwenye karatasi kubwa. Mama Redio akaandika chini yake: TUNANUNUA HIVI. Wakaibandika dukani.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa mpaka watoto wakapanda ukutani. Akina baba walikaa mstari mmoja, kila mmoja na binti wa kusukwa mbele yake. Kipusa na wenzake wa chumba cha mazoezi walikaa mbele kabisa kama waamuzi. Muuza nyama, ambaye hajawahi kuonekana akitabasamu, alishika kitana kama kisu.

"Unasuka au unachinja?" mtu alipaza sauti.

Kinyozi alitazamiwa kushinda, lakini jasho lilimtoka. "Jamani, mimi nimezoea kuziondoa, si kuzipanga!"

Mke wa muuza nyama alipita na sarafu zake, akazitia kwenye kopo la kinyozi.

"Mke wangu!"

"Nakupenda, baba watoto, lakini macho ninayo."

Kikongwe mmoja alitia sarafu moja tu. Hakuna aliyemtazama mkononi. Alirudi kitini akicheka kama wengine, na Bibi akamwona.

Waamuzi walinong'onezana, kisha Kipusa akatangaza: "Kwa kusuka vizuri, hakuna! Kwa kuchekesha, muuza nyama!" Muuza nyama akavaa aproni palepale, akatabasamu meno yote.

Makopo yakafunguliwa. Mama Redio na kinyozi walihesabu kwa sauti, na Bibi akaandika jumla ubaoni. Ilitosha vyuma, ikabaki ya godoro moja la mazoezi. Fundi wa kuchomelea akasimama: "Mimi sitaki malipo. Nimecheka vya kutosha."

Vyuma vilipokaa imara, Bibi aliwaita waliochangia waje waone. Mtaalamu alivitikisa kwa nguvu zake zote. Havikucheza. Akamwinua Kipusa.

Mtoto alishika, akasimama. Miguu ikatetemeka. Bibi alibaki nyuma yake, midomo ikienda kwa dua. Kipusa akapiga hatua moja, akapumzika, akapiga nyingine. Chumba kizima kilinyamaza, hata Mama Redio.

Baba yake alikuwa amechutama upande wa pili, mikono wazi. Kipusa alipomfikia, baba akataka kumbeba.

"Usinishike," alisema Kipusa, akigeuka taratibu. "Narudi kwa Bibi."