Dikte ya Papa Carine

— Carine, simama sawa, nisikutoboe na sindano.

Mama Adolphine, mshonaji wa mtaa wa Nyalukemba, Bukavu, alikuwa amepiga magoti, pini nne mdomoni. Akaingia Adélaïde, amekuja kujaribu kikwembe chake kipya, kitenge cha Jumamosi. Siku hiyo Bruno, mchumba wake, alikuwa apande kijiji cha Miti kujionyesha kwa wazazi wa Adélaïde.

Adélaïde alifurahi kumkuta Carine, binti wa Bruno, wa miaka kumi, aliyefiwa na mama akiwa bado wa kubebwa. Halafu akaona sketi: miraba myekundu.

— Hii uniforme ni ya wapi? Shuleni kwetu tunavaa bleu-blanc, buluu na nyeupe.

— Ya shule ya ng'ambo ya mji, Madame. Bisi ya shule itakuwa inanichukua saa kumi na moja na nusu ya alfajiri.

Mama Adolphine alitema pini apate kusema kitu, lakini alikuwa amechelewa.

Adélaïde alifundisha mwaka wa tano shule ya mtaa, na ukuta wa shule ndio huohuo ukuta wa lupango, uwanja wa nyumba ya Bruno. Jogoo wa Bruno akiwika, darasa zima linacheka. Ila watoto wa nyumba zenye malango ya chuma hawakuingia humo. Madawati yalijaa watoto walioshuka mlimani kwa miguu. Carine alipokuwa bado kwa bibi yake Uvira, Bruno aliapa: akifika Bukavu ataingia darasani kwa Adélaïde.

Adélaïde akapiga simu palepale.

— Allô, chéri. Carine anapendeza na nyekundu.

Bruno akaelewa ameshikwa.

— Ada, nilitaka kukuambia kisha ya Jumamosi.

— Kisha ya kunifunga kamba kama mbuzi?

— Hapana wewe. Ni ile shule. Watoto makumi sita mu darasa, wa kule juu, Kiswahili tupu.

— Mimi njo mwalimu wa ile shule. Unaniachia nyumba, chungu, mpaka moyo, unavyosema. Mutoto masaa tano tu, unaogopa?

Akakata. Kisha akaandika: «Jumamosi usipande Miti.»

Bruno alituma mioyo kumi na moja. Hakuna hata mmoja uliojibiwa.

Asubuhi, mheshimiwa Bruno akavaa kravati akazunguka ukuta wake mwenyewe mpaka darasani. Hatua arobaini, na hakuwahi kuzihesabu.

— Bonjour, papa, watoto sitini na wawili wakaimba.

— Umekuja kutukagua? akauliza Adélaïde.

— Nimekuja kuomba samahani.

— Saa hii tuko na dikte ya Kifaransa. Kaa pale nyuma. Ukisikia tunafundisha vibaya, mulango iko wazi.

Bruno akajibana karibu na Gisèle, mwanafunzi ambaye matope ya mlimani yalikuwa hayajamkauka miguuni. Magoti ya Bruno yaligonga meza. Adélaïde akaanza kusoma, nao wakaandika. Kwenye sentensi ya tatu Gisèle alichungulia karatasi ya Bruno, akamhurumia.

— Papa, hôpital inavaa kofia.

— Kofia gani?

— Juu ya o. Vika haraka, Madame anakuja.

Gisèle alipata tisa kwa kumi. Papa Carine, sita, na moja kati yake ya kuazima. Darasa lilicheka mpaka jogoo akajibu.

Wakati wa mapumziko walisimama barazani.

— Nani alimufundisha yule mutoto?

— Mimi. Na Kiswahili tupu.

Bruno akalegeza kravati.

— Ada, mimi pia nilitoka shule ya mulimani. Kwa bureau wanacheka Kifaransa yangu mpaka leo. Sikutaka Carine achekwe.

— Na kila mwenye gari akitoa mutoto wake, hapa patabaki nani? Nani atapigia serikali kelele paa ikivuja? Mama yake Gisèle peke yake?

Bruno akachungulia darasani. Akauliza polepole:

— Kuko nafasi ya mumoja?

— Ile ulikuwa umekalia.

Ijumaa Mama Adolphine alishona sketi ya Carine ya bleu huku akiimba. Jumamosi Bruno, Adélaïde na Carine wakapanda Miti. Muzee Télesphore, baba ya Adélaïde, aliwatazama wageni mmoja mmoja, akamfikia Carine.

— Na wewe, mukubwa, umefuata nani huku?

Carine, ambaye tangu afike Bukavu hakumwita Adélaïde jina lingine ila Madame, alimnyoshea kidole.

— Mama yangu huyu.

Kikwembe kipya kilipata kazi ya kupangusa macho.

— Darasani lakini, akasema Adélaïde, usijaribu. Ni Madame tu.